Nani Alipaka Rangi Karen?

Kwa Kiswahili neno "rangi" linafanya kazi mbili. Kuna rangi iliyo kwenye ndoo ya lita 20 pale hadiwea, na kuna rangi iliyo kwenye ngozi yako. Hapa Nairobi, kwa zaidi ya miaka 60, rangi ya pili ndiyo ilikuwa inaamua nani atalala ndani ya nyumba nzuri, na nani atakuja asubuhi kuipaka ile ya kwanza kisha jioni atoke.

Leo nataka tuongee kuhusu Karen. Najua ukisikia hilo jina unafikiria mageti makubwa, farasi, na kikombe cha kahawa kinachomaliza nauli yako ya wiki. Ni mtaa ulio ukingoni mwa msitu. Msitu wa Ngong Road uko upande mmoja, Mbuga ya Taifa ya Nairobi iko ukishapita Lang'ata, na Milima ya Ngong inaonekana kwa mbali. Miti ni mingi hadi nyumba zenyewe huzioni vizuri. Lakini ukifika karibu zinang'aa. Swali langu ni dogo tu: nani amekuwa akizing'arisha?

Historia ya Karen huwa tunasimuliwa kupitia hati za ardhi. Nani alinunua, nani aliuza, nani alirithi. Ukiacha hati kidogo ufuate brashi, unapata hadithi nyingine kabisa, na unaanza kuelewa kwa nini fundi wa rangi bado anachukuliwa venye anachukuliwa sahii.

Rangi ilikuwa huko kabla ya geti

Tuanze mbali. Kabla kuwe na kiwanja chochote, hilo eneo la Ngong lilikuwa nchi ya Wamaasai, na Wakikuyu walikuwa wakilima upande wa Dagoretti. Jina Nairobi lenyewe limetoka kwa Kimaasai, maji baridi. Na watu hao walijua rangi. Ile rangi nyekundu ambayo morani anajipaka ni udongo mwekundu unaochanganywa na mafuta, na kinachofanya udongo huo uwe mwekundu ni oksidi ya chuma. Kutu, kwa lugha rahisi.

Sasa shikilia hiyo. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, mji ulianza kama kambi ya mabati na mbao. Mabati yanapata kutu, kwa hivyo yanapakwa rangi. Na ile rangi nyekundu ya paa ambayo umeiona kila mahali Kenya, kuanzia shule za zamani hadi stesheni za reli, imetengenezwa kwa oksidi ya chuma. Ni madini yale yale ya morani.

Mikataba ya 1904 na 1911 iliwasukuma Wamaasai kutoka sehemu kubwa ya ardhi yao. Waliokuja baadaye wakajenga na kuweka rangi nyekundu juu ya paa. Yaani mwenye rangi akahamishwa, na rangi ikabaki.

Hata hao mafundi wa mwanzo hawakutoka London. Reli ilileta vibarua na mafundi 31,983 kutoka India kwa mkataba. Wengi walirudi kwao, lakini maelfu walibaki, na miongoni mwao walikuwemo waashi na maseremala. Hata neno "rangi" asili yake ni Kiajemi, na Wahindi wanalo pia, rang. Pwani nayo ilikuwa na ujuzi wake wa miaka mingi. Mafundi wa Lamu na Mombasa walikuwa wakichoma matumbawe kwenye tanuri kupata chokaa, wakijenga nayo na kupaka nayo kuta zikawa nyeupe pe. Umewahi kujiuliza kwa nini ile karatasi ya kusugulia ukuta inaitwa msasa? Msasa ni mti. Majani yake yanakwaruza, na watu waliyatumia kulainisha mbao kabla karatasi hiyo haijafika madukani.

Kwa hivyo mtu akikuambia kupaka rangi ni kitu tuliletewa, mwambie apunguze. Tulikuwa na malighafi, tulikuwa na zana, na tulikuwa na mafundi. Kilicholetwa ni mpangilio wa nani anafanya kazi kwa nyumba ya nani.

Shamba lililogeuka mtaa

Nyumba maarufu zaidi ya Karen ilijengwa mwaka 1912. Iliitwa Mbogani, na aliyeijenga alikuwa mhandisi wa Uswidi, Åke Sjögren. Mwandishi wa Denmark, Karen Blixen, alifika Kenya mwaka 1914, na kufikia 1917 yeye na mumewe walikuwa wamehamia hapo. Shamba lilikuwa na ekari kama 6,000, na karibu 600 kati ya hizo zilikuwa za kahawa.

Ekari zilizobaki hazikuwa tupu. Zilikuwa na familia za Wakikuyu walioitwa maskwota, watu wanaoishi kwenye ardhi ambayo wengi wao waliijua kabla ya mwenye hati. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota amfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka ndio aruhusiwe kukaa. Nusu ya mwaka, wasee. Hiyo ndiyo ilikuwa kodi ya nyumba.

Kahawa haikufanya vizuri. Eneo hilo liko juu sana na lina baridi kwa kahawa. Mwaka 1931 shamba likauzwa, mnunuzi akalikata viwanja vya ekari 20, na mtaa ukaitwa Karen. Maskwota wakatakiwa kuondoka. Blixen, kabla hajaondoka nchini, aliwaombea kwa serikali wasitawanywe, na wakapewa sehemu ya msitu wa hifadhi wa Dagoretti.

Kutoka kwa hiyo hadithi, majina tunayo. Tunamjua Kamante Gatura, mpishi. Tunamjua Farah Aden, Msomali aliyesimamia nyumba. Tunawajua kwa sababu mwenye nyumba alikuwa mwandishi na aliwaandika. Aliyepaka chokaa kwenye vyumba, aliyepaka mbao za madirisha, aliyepanda paa, hayumo katika hadithi tunayosimuliwa. Leo nyumba ni makavazi, tangu 1986, unalipa kiingilio na unaoneshwa samani. Ukuta unauona pia, lakini hakuna anayekuambia ni mkono wa nani.

Mtaa wa rangi moja

Sasa tuingie kwa ile rangi nyingine.

Mwaka 1913 mtaalamu wa afya, Profesa W. J. Simpson, alipendekeza miji ya hapa igawanywe kwa jamii: Wazungu kivyao, Wahindi kivyao, Waafrika kivyao. Sababu iliyotolewa ilikuwa magonjwa. Nairobi ilishapata tauni mwaka 1902, na soko la Wahindi likachomwa moto. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba ubaguzi wa kisheria mijini utaachwa. Kwa karatasi ilikuwa habari njema. Lakini mikataba ya viwanja katika mitaa ya Wazungu iliendelea kufanya kazi ile ile kimyakimya: huwezi kumuuzia wala kumpangishia mtu asiye Mzungu. Aliyeruhusiwa kulala hapo bila kuwa Mzungu ni mtumishi, naye si ndani ya nyumba kubwa.

Na hapo ndipo SQ ilizaliwa. Ile chumba ya nyuma ambayo leo unaipangisha ukiwa chuo, ama unaiona kwenye tangazo la nyumba, ilianza kama chumba cha watumishi. Ilijengwa mbali na macho ya wageni, na mara nyingi dirisha lilikuwa moja na dogo. Muulize fundi yeyote wa rangi leo SQ inapakwa na nini. Mara nyingi ni rangi iliyobaki kwa nyumba kubwa. Zikibaki mbili, zinachanganywa. Sheria ilikufa lakini ndoo bado inakumbuka.

Mwanamume Mwafrika aliyekuja kufanya kazi huko alilazimika kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole, kwenye kijikopo cha chuma kinachoning'inia shingoni. Bila hicho, ni kukamatwa. Ndani yake mwajiri aliandika umeanza lini, umeacha lini, analipa ngapi. Mwaka 1922 watu walijitokeza Nairobi baada ya Harry Thuku kukamatwa, na kipande ilikuwa moja ya malalamiko yao. Baadhi yao waliuawa kwa risasi.

Mwaka 1954, wakati wa hali ya hatari, Operesheni Anvil ilifagia mji. Maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walipelekwa kizuizini. Jiulize kazi za mikono za mji ziliendaje wiki hiyo, wakati wanaozifanya wako kwenye malori. Mji unaweza kukuhitaji sana na bado usikutake.

1963 na baadaye

Uhuru ulikuja. Mikataba ya kubagua ngozi ikafa, na Waafrika wenye pesa wakaanza kuingia Karen. Hiyo ni mabadiliko makubwa na sitaki kuyadharau. Lakini angalia njia ya fundi. Bado alitoka kule kule: Kibera, Kawangware, Dagoretti, Ngong, Rongai. Wengine hawakutoka hata mbali. Kuwinda ni mtaa wa mabati ulio ndani ya Karen yenyewe. Mwenye nyumba alibadilika rangi, fundi akabaki na ngazi yake getini akingoja soja apige simu ndani.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya, na ripoti hiyo ndiyo iliyofanya dunia ianze kuongea kwa uzito kuhusu kile sisi tunaita jua kali. Ilisema kitu ambacho mama yako angekuambia bure: hawa watu si wavivu, wanafanya kazi ya maana, shida ni kwamba mfumo hauwatambui. Ni zaidi ya miaka 50 tangu isemwe.

Sumu iliyokuwa ndani ya ndoo

Kuna sehemu ya hii historia ambayo haiongelewi, na ni ya hatari.

Kwa miaka mingi rangi ya mafuta, hasa nyeupe, ilitengenezwa kwa madini ya risasi. Inashika vizuri, inang'aa, inadumu. Pia ni sumu kwa ubongo, hasa wa mtoto. Mwaka 1904 daktari mmoja huko Brisbane, Australia, John Lockhart Gibson, alionyesha kwamba watoto walikuwa wanaugua kwa sababu ya rangi ya reli za veranda. Jua lilikuwa linaigeuza unga, mtoto anashika, anaweka vidole mdomoni. Zilikuwa nyumba za veranda, mbao na mabati, aina ile ile ya ujenzi ambayo Waingereza walikuwa wanaisambaza kwenye makoloni. Mwaka 1921 mkataba wa kimataifa wa kazi ulikataza rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo, ukiacha mianya kadhaa, na ukazuia vijana wa chini ya miaka 18 kupewa kazi ya kuipaka.

Kwa hivyo dunia ilijua mapema. Rangi za risasi ziliendelea kuuzwa nchi nyingi kwa miaka mingi baadaye. Siku hizi kiwango cha Kenya kinasema risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni kwenye rangi. Lakini kiwango kinashika ndoo mpya. Hakiwezi kutoa kilicho ukutani tayari.

Ndio maana nyumba ya zamani ina maswali yake. Dirisha la mbao la miaka ya 1930 ama 1950 linaweza kuwa na tabaka saba za rangi, na zile za chini hakuna anayejua zina nini. Fundi anapewa msasa na anaambiwa akwaruze. Anakwaruza siku tatu bila barakoa, unga unaingia kifuani, unaingia kwa nguo, anaubeba hadi nyumbani, na mtoto wake anamkumbatia. Mwenye nyumba anapata dirisha jipya, mtoto wa fundi anapata vumbi. Kuzuia si ghali: lowesha mbao kwanza usisugue ikiwa kavu, vaa barakoa ya maana, tandaza karatasi chini, na badilisha nguo kabla ya kupanda matatu.

Eti ni kazi rahisi?

Watu hudharau kupaka rangi kwa sababu mwisho wake unaonekana rahisi. Rola ilichangia. Anayetajwa sana kwa kuibuni ni Norman Breakey wa Toronto, mwaka 1940. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja rangi za maji zinazokauka haraka, na ghafla kila mtu akaamini anaweza. Lakini kupaka ni sehemu ya mwisho na ndiyo fupi zaidi.

Chukua nyumba iliyo ukingoni mwa msitu. Upande unaotazama miti haupati jua, kwa hivyo ukuta unashika unyevu na kuvu kijani na nyeusi. Ukipaka juu ya kuvu, itatoboa baada ya mvua ya kwanza. Lazima uoshe kwa jiki iliyochanganywa na maji, suuza, ngoja ikauke kabisa. Udongo mwekundu unarukia chini ya ukuta kila mvua ikinyesha, ndio maana mafundi hupaka ule mkanda mweusi ama kahawia chini. Mbao za ukingo wa paa zinaliwa na mchwa. Tumbili wanapita juu na miguu yenye matope. Plasta mpya inataka kama siku 28 kabla ya kupakwa. Na ukuta wa zamani uliopakwa chokaa unapumua: unyevu unaingia na kutoka. Ukiuziba na rangi ya plastiki, maji yanabaki ndani na rangi inavimba kama malengelenge.

Pia lazima ujue msimu. Mvua za Machi hadi Mei hapana. Julai na ule ukungu wa Karen, rangi inachukua muda kukauka. Januari na Februari ndio wakati. Hesabu nayo ipo: lita moja inafunika takriban mita mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hivyo ukuta wa mita mraba 200, mikono miwili, ni lita 40, ndoo mbili. Fundi mzuri anaangalia ukuta na kukuambia hiyo namba kabla hujamaliza kumwonyesha choo kiko wapi. Hiyo ni elimu. Inapimwa pia, kuna mitihani ya ufundi ya serikali yenye madaraja matatu, na fundi mwenye daraja amewekewa kima cha chini cha mshahara kilicho juu ya kibarua wa kawaida. Shida ni kwamba wengi wamejifunza kazi kwa kaka ama mjomba, hawana karatasi, na mdosi anatumia hilo kuwalipa kama kibarua huku akipokea kazi ya fundi.

Alafu kuna hii ya siku hizi. Kampuni inaweka picha mtandaoni, kabla na baada, ukuta mchafu kisha ukuta safi, muziki mzuri nyuma. Nembo iko. Namba ya simu iko. Aliyepaka hayuko, labda kivuli chake tu kwenye picha ya pili. Ni Mbogani tena. Nyumba ina jina na mkono hauna.

Basi tufanyeje? Kama kwenu mnaajiri fundi, mpatanishe bei kabla ya kazi na muandike, hata kama ni kwa ujumbe wa simu. Mpe arubuni. Ngazi iwe salama, barakoa iwepo, na ujue kuna sheria ya fidia ya majeraha kazini tangu 2007, mfanyakazi wako akianguka si "bahati mbaya" tu. SQ ipakwe na rangi yake, isiwe ya mabaki. Na mtu akikuuliza nyumba imepakwa na nani, taja jina la mtu.

Na kama wewe ndiye fundi, ama unabebea kaka yako ndoo ukingoja matokeo ya mtihani, nenda ufanye ule mtihani wa daraja ukipata nafasi. Na kabla hujashuka kwenye ngazi, piga picha ya kazi. Andika tarehe, andika mtaa, andika jina lako, uiweke mahali watu wataiona. Wenye nyumba wa Karen wana rekodi yao tangu 1912. Ya mafundi bado haijaanza, na wewe uko na simu mfukoni.